Muulize Shangazi: Mnyororo wa punda na shahada ya uzamili

*Shikamoo Shangazi. Mimi ni binti wa miaka 27, naishi Dunda hapa hapa Bagamoyo. Nina shahada ya kwanza ya sanaa, upande wa uchoraji, na huu ni mwaka wa tatu natembeza wageni: Mji Mkongwe wa Bagamoyo, Misheni ya Wakatoliki, magofu ya Kaole. Nimegundua kuna vyuo Uingereza vinafundisha shahada ya uzamili inayounganisha historia ya sanaa na kazi ya mhifadhi wa makumbusho, yaani kutunza vitu na kuandaa maonyesho. Moyo umependa. Baba anasema hakunisomesha ili niende Ulaya kujifunza kupangusa vyungu vumbi. Rafiki zangu wananiambia nisome utalii, ndiko kwenye hela. Je, kozi hiyo ina maana kwa mtu wa huku? Na hela zenyewe nitazitoa wapi?*
*Mtembeza Wageni, Dunda*

Marahaba, mwanangu. Nianze na baba, maana barua za namna hii huandikwa na binti lakini anayesubiri jibu ni baba. Mpe salamu zangu. Mwambie hilo vumbi la vyungu nimelipangusa miaka 31, limesomesha watoto wanne, na mpaka nastaafu nilikuwa bado najifunza kulipangusa. Kuna chungu ukikipitishia kitambaa kibichi umeondoka na masizi ya jiko lake la mwisho, na masizi yale ndiyo yaliyokuwa yanatuambia kilipikiwa nini na juu ya moto gani. Kwa hiyo ndiyo, kupangusa vumbi ni somo.

Sasa wewe. Ukifika na wageni wako Misheni, chini ya ule mbuyu mkubwa, kile kipande cha mnyororo kinachochungulia kwenye shina unakielezaje?

Nauliza kwa sababu siku moja nilisimama nyuma ya kundi la wageni pale, nimejitanda mtandio wangu, hakuna aliyenijua. Kijana aliyekuwa akiwatembeza akasema, hapa ndipo watumwa walipokuwa wakifungwa. Wageni kimya. Mama mmoja akafuta machozi, simu zikatolewa, picha zikapigwa, na kijana akapewa bakshishi nono. Lakini Misheni wenyewe wanasimulia vingine. Wanasema mnyororo ule ni wa Madame Chevalier, mama wa Kifaransa aliyekuja kujitolea pale, na aliufunga mtini ili kumfungia punda wake. Mti ukanenepa, ukaumeza.

Punda hana bakshishi, najua. Ila fikiria kidogo. Misheni ile ilianzishwa mwaka 1868, na mapadri wake walikuwa wakikomboa watumwa kwa fedha na kuwapa mahali pa kuishi. Biashara ya watumwa Bagamoyo ilikuwepo, ina makaburi yake, ina maandishi yake, ina wajukuu wake wanaotembea mitaani mpaka leo. Haina haja ya kuazima mnyororo wa punda. Na siku mgeni akirudi kwao akasoma habari ya yule punda, ataanza kutilia shaka hata yale ya kweli uliyomwambia.

Kozi unayoiulizia imo yote ndani ya mnyororo huo. Upande wa historia ya sanaa unakufundisha kukitazama kitu mpaka kikuambie kilichonacho: kimetengenezwa na nani, lini, kwa mkono wa wapi, kinafanana na kipi, na hayo tunayoyasema juu yake tumeyatoa wapi. Upande wa uhifadhi unakuuliza maswali ya mwenye nyumba: kiko wapi, kimefikaje, kina hali gani, kitaoza lini, na hapo pembeni yake niandike maneno gani mgeni ayasome kwa miguu inayouma. Anayejua la kwanza peke yake huandika kibao cha maelezo kirefu kama hotuba ya harusi. Anayejua la pili peke yake hutunza vizuri kabisa kitu asichokielewa. Nimefanya kazi na wote wawili, na sikuwahi kuamua yupi ananichosha zaidi.

Kabla hujajaza fomu yoyote, nakupa zoezi. Nenda Mtaa wa India asubuhi, jua likiwa bado la pembeni, maana jua la saa sita linafuta nakshi zote. Chagua mlango mmoja wa kuchongwa. Simu iache mfukoni. Kaa mbele yake dakika ishirini na daftari, uuchore. Wewe ni mchoraji, mkono wako utaona kabla ya jicho. Anza juu: ubao wa juu umenyooka au umepinda kama upinde? Ule ulionyooka wenye nakshi ya maua na maandishi, na ule wa upinde, ni mapokeo mawili tofauti. Huo wa upinde tumezoea kuuhusisha na mafundi wa Kihindi. Shuka kwenye mfaa, ule ubao wa katikati unaosimama pale mbawa mbili za mlango zinapokutana. Shuka kwenye miimo, zile nguzo za pembeni, mpaka chini kabisa, ambako watu hawaangalii. Huko mara nyingi utakuta samaki, au kitu kinachotaka kuwa samaki. Tazama njumu, ile misumari ya shaba yenye vichwa vikubwa: zimebaki ngapi, na matundu ya zilizong'olewa ni mangapi? Gusa ubao wa chini uone kama umebunguliwa.

Halafu angalia ukingo wa nje. Kama kuna nakshi ya mnyororo, utawasikia wenzako wanawaambia wageni kwamba nyumba hiyo ilikuwa ya mfanyabiashara wa watumwa. Wengine watakuambia mnyororo ni kinga ya nyumba. Mimi maelezo yote mawili nimeyasikia tangu nikiwa msichana, na sijawahi kukubali hata moja, kwa sababu kila ninayemuuliza amelipata kwa mtembeza wageni mwingine. Unaona tulivyorudi kwenye mnyororo? Hilo ni swali linalomtosha mwanafunzi wa uzamili mwaka mzima, na wewe unapita mbele yake kila siku ukielekea kununua maandazi.

Nikwambie na la aibu yangu, ili usidhani nazungumza kutoka juu ya minbari. Nilipoanza kazi, makumbusho fulani ambayo sitayataja, nilipewa droo ya vigae vya vyombo vya kigeni vilivyookotwa kwenye magofu ya pwani. Kila kigae kilikuwa na namba kwenye daftari la usajili. Mimi kwa bidii ya ujana nikaandika namba kwenye vipande vya karatasi, nikavibandika kwa seloteipu, nikafunga droo, nikajiona fundi. Miaka miwili baadaye nikaifungua. Gundi ilikuwa imekauka kwa joto. Ndani ya droo palikuwa na vigae vitano vya kijani, vimelala kimya, na karatasi tano zimelala chini yao, na hakuna mtu duniani aliyejua ipi ni ya nani. Kimoja kilikuwa kimetoka Kaole. Kipi? Mpaka leo kigae kile kipo, hakijavunjika wala kuibwa. Lakini kimepoteza kwao, na aliyekipotezea ni mimi.

Namba huandikwa kwenye kitu chenyewe, mahali pasipoonekana, kwa wino juu ya tabaka jembamba la vanishi maalumu linaloweza kuondolewa bila kukidhuru. Nilijifunza hilo baadaye, kwenye mafunzo ya PREMA, mpango wa ICCROM, kituo cha kimataifa cha uhifadhi wa urithi kilichoko Roma, ulioanza mwaka 1986 kwa ajili ya makumbusho ya Afrika. Kama ningelijua mapema, kile kigae kingekuwa na kwao.

Haya, kozi zenyewe. Uingereza uzamili wa kufundishwa huwa mwaka mmoja ukisoma muda wote, miwili ukisoma nusu muda. Mwaka huo ni mfupi kuliko unavyodhani: Septemba unapotea njia kwenda darasani, Januari unaandika insha na vidole vimekufa ganzi, kabla hujazoea tayari unaandika tasnifu. Chuo Kikuu cha Sussex, karibu na Brighton, kimefundisha kozi yenye majina hayo hayo mawili uliyoyataja, historia ya sanaa na uhifadhi wa makumbusho. Courtauld ya London, taasisi ya tangu 1932, ina kozi ya kuandaa maonyesho, na ina jumba lake la picha. Norwich, kwenye Chuo Kikuu cha East Anglia, kuna kitengo cha Sainsbury kinachoshughulikia sanaa za Afrika, Oceania na Amerika. Mkusanyo wa familia ya Sainsbury uko ndani ya jengo lililofunguliwa 1978. Ningekuwa na miaka yako, barua yangu ya kwanza ingekwenda huko Norwich. Si kwa umaarufu. Ni kwa sababu hutalazimika kila Jumatatu kumweleza mwalimu kwa nini mlango wa Bagamoyo ni sanaa.

Kwetu pia pana shule. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wana idara ya akiolojia na masomo ya urithi, na watu wengi ninaowaheshimu katika kazi hii wamepita pale. Udongo wa Kaole utaujua vizuri zaidi ukiwa Mlimani, kwenye chuo hicho, kuliko ukiwa London. Picha za kuchora na historia yake, hapo ndipo utakapotamani zaidi.

Hela. Ada ya mwanafunzi wa nje kwa kozi hizi mara nyingi hupita pauni 20,000, kabla hujala wala kulala. Usiuze shamba la baba. Nakuomba sana. Tafuta ufadhili: Chevening wa serikali ya Uingereza unalipa ada, nauli na posho, hauna kikomo cha umri, unataka uchague kozi tatu, na ukimaliza urudi nyumbani angalau miaka miwili. Wanataka pia saa 2,800 za kazi baada ya shahada, na kazi ya kujitolea inahesabika. Miaka yako mitatu ya kutembeza wageni ni kazi, mwanangu, ila kama umeiweka kwenye daftari. Uliandika? Najua hukuandika. Anza leo: tarehe, saa, nani alikuajiri, nani atathibitisha. Kuna na ufadhili wa Jumuiya ya Madola, nao uufuatilie.

Lakini usiende mwaka huu. Rafiki zako watanilaumu, baba atanishukuru, na wote watakuwa wamenielewa vibaya. Nataka kwanza ukae mwaka mmoja stoo. Omba kujitolea siku mbili kwa wiki kwenye makumbusho yoyote iliyo karibu nawe, Misheni, Caravan Serai, au upande basi uende Makumbusho ya Taifa Dar es Salaam, yenye umri wa tangu 1940. Usiombe kazi ya kuongoza wageni, hiyo unaiweza. Omba daftari la usajili. Omba kuandika hali ya kitu: ufa uko wapi, una urefu gani, ni wa zamani au wa jana. Ukimaliza vitu mia utajua kama kazi hii unaipenda au unapenda jina lake.

Sababu ya pili ni hii. Nimepokea wanafunzi kutoka Ulaya wakija kwa mafunzo ya vitendo, na waliofanya vizuri ni wale waliofika na kitu chao mkononi: kikapu, ngoma, picha moja. Wasiokuwa na kitu walizungukazunguka na nadharia mpaka ndege ikaja kuwachukua. Nenda na mlango wako. Au nenda na mchoraji wako. Unamjua Sam Ntiro? Mchaga, alisoma Makerere, akasoma Slade, chuo cha sanaa cha London, na baada ya Uhuru akawa balozi wetu huko huko London. Mwaka 1956 alichora watu wakipeleka pombe ya ndizi kwa bibi harusi usiku. Picha hiyo ni mali ya MoMA, jumba la sanaa za kisasa la New York, tangu 1960. Waulize wenzako waliosoma sanaa nawe ni wangapi wanamjua, kisha uniandikie.

Na ukifika huko, usimeze kila namba utakayopewa. Mwanga usiozidi luksi 50 (luksi ni kipimo cha mwanga) kwa nguo na karatasi, hilo chukua ulete nyumbani, tunalihitaji. Nimeona kanga za thamani zimetundikwa dirishani mpaka zimekuwa rangi ya uji. Lakini watakuambia stoo iwe na unyevu wa asilimia hamsini na kitu, na wewe utarudi Bagamoyo, bahari iko hatua mia mbili, chumvi iko hewani, umeme unakwenda na kurudi. Utashawishika kununua kiyoyozi. Mti uliozoea unyevu wetu huvumilia unyevu wetu. Kinachoupasua ni kukaushwa mchana kiyoyozi kikiwaka na kuloweshwa usiku kikizimika. Madirisha ya kupitisha hewa, rafu zilizoachana na ukuta, na mtu wa kuangalia mchwa kila Ijumaa: hicho ndicho kiyoyozi changu, na hakijawahi kukatiwa umeme.

*Shangazi, mimi ni mwalimu wa historia sekondari, Tanga, nina miaka 43, mke na watoto watatu. Nami napenda mambo ya makumbusho lakini siwezi kuacha kazi. Nimechelewa?*
*Mwalimu, Chumbageni*

Hujachelewa, mwalimu. Chuo Kikuu cha Leicester kimefundisha masomo ya makumbusho tangu 1966, na wanayo njia ya kusoma ukiwa mbali. Inataka nidhamu ya saa kumi na moja alfajiri, kabla watoto hawajaamka, lakini ninyi walimu mmezoea kusahihisha madaftari muda huo.

Ila mbona unaanzia mbali? Chukua darasa moja uende nalo kwenye magofu ya Tongoni, kusini ya mji. Kwenye makaburi ya pale mna vishimo vya mviringo vilivyokuwa vimepachikwa vyombo vya kigeni. Vyombo vyenyewe havipo. Mpe kila mtoto kishimo kimoja akipime, akichore, aandike mistari mitano juu ya bakuli lisilokuwepo. Kisha zibandikeni karatasi hizo ukutani shuleni, kwa mpangilio ambao mgeni anaweza kuufuata bila kuuliza. Hayo ni maonyesho, na wewe ndiye mhifadhi wake. Piga picha, andika tarehe, weka kwenye faili; ukiomba kozi, utatuma hiyo badala ya kueleza kwa maneno mengi kwamba unapenda urithi. Wote tunapenda urithi.

*Shangazi, amekuja bwana na gari nzuri anataka mlango wa nyumba ya bibi. Anatoa hela nyingi na atatuwekea mlango mpya wa chuma. Bibi kasema niamue mimi. Nimeanza kuupaka vanishi ung'ae apandishe bei.*
*Mjukuu, Bagamoyo*

Weka brashi chini kwanza, halafu tuzungumze.

Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inaitaja milango ya kuchongwa pamoja na miimo yake. Si mali ya kung'olewa na kupakiwa kwenye gari usiku. Bwana huyo akirudi, muulize ana kibali cha Idara ya Mambo ya Kale, na uone atakavyoangalia saa yake. Mwenzio wa Dunda hapo juu anatafuta mlango wa kuandikia tasnifu. Pengine ni huo wa kwenu, na yeye hataondoka nao.

Vanishi ya dukani inaziba nakshi na kufungia unyevu ndani ya mti. Uliyokwisha kupaka usiikwangue kwa msasa, utaondoka na ua zima. Iache hivyo mpaka apatikane fundi anayejua. Sehemu iliyobaki, brashi laini na kavu, kutoka juu kwenda chini, mara moja kwa mwezi. Na kama kuna njumu zilizolegea, usizigonge kwa nyundo. Zing'oe taratibu, zifunge kwenye bahasha, uandike zimetoka ubao upi, safu ya ngapi kutoka juu. Uandike juu ya bahasha yenyewe, kwa penseli. Seloteipu usiiguse.